Jibu: Laki 6 kutoka Uyole hadi Lusaka

Ndugu, ugonile. Umeuliza kama laki 6 zitatosha Uyole–Lusaka na kurudi kwa siku 4, na kama ubadilishe zote kuwa kwacha, hela ya Zambia, pale Tunduma mpakani.

Kabla ya nauli, angalia pasipoti na kadi ya homa ya manjano. Chanjo inaanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Ukichoma wiki ya safari unaweza kukwama mpakani.

Usibadilishe zote. Nauli ya Tunduma–Uyole ibaki shilingi, uifiche mbali na pochi. Kwacha inakuumiza mara mbili: tuseme umeinunua kwa sh 130, ukirudi wanaichukua kwa 120. Kwacha 2,000 zilizobaki zimeshakula sh 20,000. Ingia duka la kubadilishia fedha, achana na vijana wanaokufuata na bunda mkononi. Bunda likikunjwa katikati, noti moja inahesabiwa mara mbili, kwa hiyo hesabu mwenyewe, moja moja, kabla hujatoa zako. Tazama pia toleo: Zambia ilitoa noti mpya Machi 2025, za zamani zikapewa mwaka mmoja tu.

Kinachovuruga bajeti za wengi ni usiku wa Nakonde, mji wa mpakani upande wa Zambia. Kutoka hapo hadi Lusaka ni kama kilomita 1,000. Foleni ya mpakani ikikukosesha basi, unalipa gesti na chakula. Tenga usiku mmoja kwenda, mmoja kurudi. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja, soma tiketi kwa saa za kwao.

Lusaka unalala kwa ndugu au gesti? Hapo ndipo laki 6 zitatosha au zitapelea.