Jibu: Namna ya kukadiria thamani ya hewa safi
Ndugu, umeuliza tutajuaje watu wangelipa kiasi gani kwa hewa safi, ilhali haiuzwi sokoni. Binafsi naamini ununuzi wao kuliko majibu ya dodoso. Wanauchumi Koichiro Ito na Shuang Zhang walichunguza mauzo ya mashine za kusafisha hewa nchini China, ambako kaskazini mwa Mto Huai ruzuku ya serikali kwa upashaji joto wa makaa ya mawe ilizidisha uchafuzi kuliko kusini, hivyo pande hizo mbili zingeweza kulinganishwa. Wakakadiria kwamba kaya ingelipa takriban dola 1.34 za Marekani kwa mwaka ili kupunguza mikrogramu moja ya chembechembe za PM10 (vumbi laini la hewani lenye kipenyo kisichozidi mikromita 10) katika kila mita ya ujazo ya hewa. Lakini wenye kipato kikubwa walikuwa tayari kulipa zaidi, kwa hiyo kiasi hicho hupima pia uwezo wa mfuko, na si haki kukitumia kudai kwamba maskini hawajali mapafu yao.