Usimuuzie muumini mwenzako feni: wiki zangu za mwisho Chiang Mai

Feni yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, ya kusimama, kitufe cha namba mbili kimekufa siku nyingi. Niliibandika bei, baht 600 (pesa ya Thailand), nikaipiga picha na kuirusha kwenye kundi la kanisa la Line, programu ya ujumbe kama WhatsApp, pamoja na meza, baiskeli na jiko la umeme la kupikia wali. Haikupita robo saa, kijana mmoja wa kwaya akajibu: naichukua mimi, Khru. Khru ni mwalimu, na ndivyo walivyoniita miaka yangu yote minne pale Chiang Mai, kaskazini mwa Thailand. Hakuomba kupunguziwa hata baht moja. Jioni akaja na pesa kamili ndani ya bahasha, akaipakia feni mbele ya pikipiki, akaondoka anacheka.

Wiki iliyofuata nikapita chumbani kwake kumrudishia gitaa. Chumba kidogo, kina kiyoyozi na feni mbili zake. Yangu ilikuwa ya tatu, imesimama nyuma ya mlango, haijachomekwa hata umeme.

Wathai wana neno, kreng jai. Wageni wengi wanahangaika sana kulielewa, lakini mtu wa Tanga hahitaji maelezo marefu. Ni muhali, ile haya ya kumkatalia mtu. Yule kijana alinionea muhali. Mwalimu anaondoka, ameweka vitu vyake hadharani, nani awe wa kwanza kukaa kimya? Nilikuwa nimeishi nao miaka minne na bado nikawawekea mtego huo bila kujua. Kwa hiyo wewe uliyebakiza wiki chache, vitu vya kuuza wauzie watu usiowajua; Chiang Mai ina wageni wanaoingia kila mwezi wakitafuta feni na magodoro. Vya kuwapa watu wa kanisani gawa bure, tena mpelekee mtu mwenyewe, mkiwa wawili, ili akitaka kukataa apate upenyo. Baiskeli yangu ilikataliwa mara mbili kwa tabasamu kabla haijapata mtu aliyeihitaji kweli.

Kosa langu la pili lilikuwa kubwa zaidi, nalo ni la karatasi. Mwaka wa shule Thailand huisha Machi, na mkataba wangu ulikuwa unakwisha tarehe 31. Muhuri kwenye pasipoti ulionyesha Mei. Nikakata tiketi ya tarehe 16 Aprili bila wasiwasi, nipate kula Songkran, sikukuu ya mwaka mpya wa Kithai, na watu wa kanisa. Nilichokuwa sikijui ni kwamba ruhusa ya kukaa ya mfanyakazi imefungwa na kazi yenyewe. Kazi ikiisha, ruhusa nayo imeisha, muhuri useme utakavyo. Shuleni hakuna aliyenikumbusha, na mimi sikuuliza. Uhamiaji wakanipa siku 7 za kufungasha kwa baht 1,900. Ningeng'ang'ania kukaa, faini ni baht 500 kwa kila siku unayozidisha. Kubadilisha tiketi kulinigharimu kuliko vitu vyote nilivyouza, feni ikiwemo.

Basi uliza mapema, miezi miwili kabla, siku yako ya mwisho ya kazi imeandikwa tarehe gani kwenye barua ya shule, halafu ndiyo ukate tiketi. Hati ya polisi ya tabia njema iombe ukiwa bado huko, maana kuifuatilia kutoka Dar ni safari nyingine kabisa. Pikipiki ibadilishe jina kwenye kitabu chake cha kijani cha usajili kabla hujaiachia. Na akaunti ya benki usiharakishe kuifunga. Mwenye nyumba anashikilia amana yako, mara nyingi kodi ya miezi miwili, na wengine huirudisha baada ya bili za maji na umeme kufika, wakati wewe uko kwenu unakula ugali. Mimi niliomba mzee mmoja wa kanisa apokee kwa niaba yangu. Line nayo iunganishe na barua pepe kabla laini ya Thailand haijafa, la sivyo utapoteza kundi zima la kanisa siku moja.

Hayo ya karatasi yanatosha. Mtu akijipanga yanamalizika kwa wiki moja.

Watu ndio hawamaliziki. Mmisionari Daniel McGilvary aliingia Chiang Mai na familia yake mwaka 1867, lakini hadi leo Wakristo nchini kote ni kama mmoja katika kila watu mia. Wengi pale kanisani kwetu ndio Wakristo peke yao nyumbani kwao. Mama anakwenda hekaluni, kaka anakwenda hekaluni, yeye Jumapili anakuja kwetu na kushinda mpaka saa kumi. Kanisa la namna hiyo mtu mmoja akiondoka anaonekana. Kiti chake kinaonekana.

Mimi nilidhani kuaga ni sherehe: Jumapili moja, keki, picha, hotuba, tumemaliza. Aliyenifungua macho ni mama mmoja wa jikoni tuliyemwita Paa, yaani mama mkubwa. Kila baada ya ibada tulikula pamoja, na yeye ndiye aliyetwanga som tam, ile saladi ya papai bichi. Kinu chao ni cha udongo, mchi wa mbao. Anatwanga kwa mkono wa kulia huku wa kushoto unageuza kwa kijiko, vitunguu saumu na pilipili kwanza, halafu maharage marefu mabichi, papai mwishoni, asilipondeponde. Nilimwambia kwetu kinu ni cha mti na mtu husimama kutwanga. Akacheka. Nilipomwambia kwamba doriani nimekula Unguja nikiwa mtoto, na shokishoki pia, hakuamini kabisa. Alidhani Mungu aliyapanda kwao tu.

Wiki nne kabla sijaondoka aliniambia, bila kuniangalia: Jumamosi njoo umenye papai. Basi nikawa nakwenda. Hatukuongea mambo makubwa. Kithai changu hakifiki huko, na yeye Kiingereza hana. Lakini watu waliokuwa wakinipungia mkono tu Jumapili walianza kupita pale jikoni, mmoja mmoja, wakikaa kwenye kindoo kilichofunikwa na kusema walichokuwa nacho. Mmoja aliniambia habari za mwanawe aliyeko kazini Korea. Nisingezisikia kwenye sherehe ya keki. Kama una mwezi mmoja, punguza mialiko ya mikahawani, tafuta kazi ya mikono pale pale kanisani na uikalie.

Songkran yenyewe, tarehe 13 hadi 15 Aprili, watalii wanaijua kwa kumwagiana maji barabarani. Kiini chake kwa watu wa kaskazini ni kwenda kwa wazee, kuwamwagia maji mikononi, kuwaomba radhi kwa makosa ya mwaka na kupokea baraka. Kanisani nako hufanywa, kwa sala. Kwa ajili ya hilo ndiyo nilikata tiketi ya tarehe 16, na ndilo nililolikosa. Sikumlalamikia mtu. Nilitangaza tu tarehe mpya.

Jumapili yangu ya mwisho, vyombo vikishaoshwa, nikaona vijana wanapanga viti vitano mstari mmoja ukumbini. Wazee wakakaa, viganja vimeunganishwa mapajani. Nikapewa bakuli la maji yenye maua ya yasmini. Paa alikuwa wa nne. Akasema: Songkran yako ni leo.

Nikapita kwa magoti. Wa kwanza ni fundi pikipiki, oili imejichora kwenye kucha zake. Kila mmoja nilimmwagia kidogo kidogo, nikaomba radhi kwa maneno machache niliyokuwa nayo, naye akaniwekea mikono iliyolowa kichwani. Viganja vya Paa vilinukia kitunguu saumu.

Aprili Chiang Mai ni joto na moshi wa mashamba yanayochomwa, lakini wazee wale walikuwa wanapata upepo. Nilipoinuka ndipo nikaona unatoka wapi. Nyeupe, ya kusimama, kibandiko cha bei bado kipo. Kijana wa kwaya alikuwa pembeni ameshika birika. Nikamtazama, naye akainama kuniambia sikioni, kwa sauti ya kuomba samahani: Khru, namba mbili haifanyi kazi.