Kati ya 642 na LCR, ningechukua LCR

Dada yangu wa Houston, umeuliza uchague bastola ipi ya kubeba kwenye mkoba, Smith & Wesson 642 au Ruger LCR ya risasi za .38 Special. Zote zina risasi tano, hazifiki hata nusu kilo, na nyundo imefichwa ndani, hivyo hainasi kwenye nguo. Mimi ningechukua LCR kwa sababu ya kifyatulio chake: kinavutika kwa ulaini. Cha 642 ni kizito zaidi, na mkono usiozoea huyumbisha mdomo wa bastola, risasi ikaenda pembeni.

Ila wepesi huo ndio unaoumiza. Bastola nyepesi hupiga teke kali, na mtu akishaumia kiganja hana hamu tena ya mazoezi. Kodi zote mbili uwanja wa shabaha, anza na risasi za kawaida, achana kwanza na zile za +P, zenye nguvu zaidi.

Huo mkoba ndio unaonitia wasiwasi. Watoto hupekua mikoba, na kibaka huanza na mkoba. Afadhali kiunoni, ndani ya ala ngumu inayofunika kifyatulio chote. Ukishikilia mkoba, itengee mfuko wake peke yake, pasiwe na funguo wala lipstiki.

Tangu 2021 Texas haidai leseni ya kubeba bastola kwa aliyefikisha miaka 21 na anayeruhusiwa kumiliki silaha, lakini ichukue tu, utaihitaji ukivuka kwenda baadhi ya majimbo. Na kama bado uko kwa viza ya masomo, sheria ya shirikisho kwa kawaida inakukataza kabisa. Muone wakili kabla hujagusa hata ya kukodi.