Uwanja wa ndege ukihama, msianze na mchoro: ushauri kwa mnaoanza kazi za mipango miji

Wadogo zangu mnaomaliza vyuo vikuu vya Ardhi, UDSM, Nairobi, na nyie mliofika huku Marekani juzi juzi kusoma masters za mipango miji au uhandisi wa maji, naandika haya kwa sababu ndani ya mwezi mmoja watu watatu wameniuliza kitu kile kile, kwamba uwanja wa ndege wa zamani ukihamishwa lile eneo lifanywe nini. Na swali ni la kwetu kabisa jamani, Mbeya walihamia Songwe tangu 2012, Kigali wanajenga Bugesera, na Dodoma wanajenga Msalato wakati uwanja wanaotumia siku zote uko katikati ya mji, yaani unatoka pale kwa miguu unafika sokoni.

Mimi naishi Denver, Colorado, kazi yangu ni maji ya mvua, mitaro, makalavati, mabwawa ya kutulizia mafuriko. Na kuna mtaa napita karibu kila siku, leo unaitwa Central Park, zamani ulikuwa uwanja wa ndege wa Stapleton. Ulifunguliwa 1929 nje ya mji, mji ukakua ukaufuata, watu wa Park Hill pale jirani wakachoka na kelele wakaenda mahakamani, nafasi ya kupanua ikawa hakuna, mwisho Februari 1995 ukafungwa na ndege zote zikahamia uwanja mpya mbali huko mashariki. Zikabaki ekari 4,700. Kama kilomita za mraba 19, ndani ya jiji, mmiliki mmoja ambaye ni jiji lenyewe. Nilipokuja huku watu walikuwa wameshahamia zamani, kwa hiyo sijifanyi nilikuwepo, ila nimesoma makaratasi yake mengi kwa ajili ya kazi na nimefanya kazi kwenye uwanja mwingine mdogo uliofungwa, siutaji jina, ambako nilijifunza kwa maumivu.

Jambo la kwanza, na kama mtasoma hili tu mkaacha mengine mimi nitaridhika: uwanja wa ndege sio kiwanja kitupu. Kwenye picha ya setilaiti unaonekana kama karatasi nyeupe, tambarare, nyasi na zege, na kila mtu anakimbilia kuchora, hapa ghorofa, hapa bustani, hapa shule. Lakini ardhi haikuzaliwa tambarare vile! Mtu aliisawazisha, na ili aisawazishe alijaza mabonde, na mabonde yalikuwa na maji, na maji yale hayakufa, yaliwekwa kwenye mabomba. Pale Stapleton kuna kijito kinaitwa Westerly Creek, miaka mingi kilikuwa kinapita chini ya njia za kurukia ndege, gizani, hakuna aliyekiona. Walipobomoa zege wakakifungua, wakakirudishia kingo pana zenye majani ya asili, wakaacha eneo la mafuriko kabisa bila nyumba, na bustani ndefu ikazaliwa humo humo. Leo watoto wanaendesha baiskeli pembeni yake na mvua kubwa ikija maji yanajua pa kwenda. Hiyo bustani ni mtaro. Naomba mlielewe vizuri hili, kwa sababu kwetu bado tunachora bustani peke yake na mtaro wa zege peke yake, tunalipia mara mbili, na mtaro unajaa taka.

Sasa kule kwenye ule uwanja mdogo niliokuwa mimi. Nilipewa ramani za zamani za mabomba, nikaziamini, nikapiga mahesabu yangu usiku na mchana, kila kitu kikakaa vizuri. Siku kijiko kinachimba msingi wa barabara ya kwanza kikapasua bomba ambalo halipo kwenye ramani hata moja, kubwa, na lilikuwa bado linatumika, linaleta maji kutoka mtaa wa juu ambao hatukujua kama unamwaga kwetu. Saiti ikawa bwawa, kazi ikasimama wiki kadhaa, mahesabu yangu yote ikabidi nianze upya maana yule mtaa wa juu sikuuhesabu. Aliyetuokoa ni mzee mmoja aliyekuwa fundi wa matengenezo pale uwanjani miaka mingi, amestaafu, mtu alimpigia tu simu akaja na kofia yake, akatembea na sisi nusu siku anaonyesha kwa kidole, hapa kuna chemba tulifunika, hapa kuna bomba tulilihamisha mwaka ule wa mafuriko, hapa msiguse. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kimeandikwa. Tangu siku hiyo mradi wowote wa namna hii nauliza kwanza nani alikuwa anazibua mitaro hapa, kabla sijaomba ramani.

Na nendeni saiti mvua ikinyesha. Sio baada ya mvua, ikinyesha. Vaeni mabuti, simameni kwenye kona ya chini kabisa mtazame.

Halafu zege. Hili watu wengi hawalioni kama mali. Njia za ndege ni nene kuliko barabara yoyote mnayoijua, na Stapleton walivunja zege na lami ya kama tani milioni 6, wakaisaga, ikawa kokoto na vifusi vya kutandika chini ya barabara na misingi, na nyingine ikaenda kwenye miradi mingine. Fikirieni lori zinazobeba kokoto kutoka Lugoba kuja Dar kila siku, vumbi, dizeli, ajali, halafu wewe una mlima wa kokoto tayari umelala hapo hapo ulipo. Ila mtu mpya anakosea hapa: hawezi kusema tu tutasaga, anatakiwa aseme tunasaga lini, mashine inakaa wapi, vumbi linaenda kwa nani, na hili zege tumelipima au tumelitazama kwa macho. Zege lililolala chini ya matangi ya mafuta sio sawa na zege la katikati ya njia ya kurukia.

Maana uchafu upo, tena mwingi. Mafuta ya ndege yanavuja miaka na miaka. Huku kwenye baridi wananyunyizia ndege dawa ya kuyeyusha barafu na hiyo dawa inashuka na maji, pale Stapleton ilikuwa inaishia kwenye bwawa dogo la Bluff Lake pembeni mwa uwanja, wanaharakati wa mazingira wakaenda mahakamani, na leo Bluff Lake ni hifadhi ndogo ambapo wanafunzi wanaletwa kuangalia ndege, safari hii wale wenye manyoya. Kwetu barafu hakuna lakini povu la zimamoto lipo kila uwanja duniani, na mapovu ya zamani yana zile kemikali za PFAS ambazo hazivunjiki, zinashuka hadi maji ya chini ya ardhi. Kwa hiyo mkipewa eneo, ulizeni zimamoto walikuwa wanafanyia mazoezi wapi. Hapo ndipo mchimbe mashimo ya kwanza ya kupima udongo, na mtu asichimbe kisima cha kunywa karibu na hapo kabla majibu hayajatoka. Berlin ni zaidi, uwanja wa Tegel uliofungwa Novemba 2020 ulikaa juu ya sehemu ambayo zamani jeshi lilikuwa linafanyia shabaha za mizinga, kwa hiyo kabla ya kujenga zile nyumba zao za mbao wanazozipanga, zaidi ya 5,000, inabidi kwanza wapekue ardhi wakitafuta mabomu yaliyobaki. Hiyo ni pesa na ni muda, na kwenye mchoro mzuri wa rangi huwa haionekani.

Majirani. Uwanja wa ndege ni uzio, na upande wa pili wa uzio kuna watu wameishi na kelele miaka yote hiyo bila kufaidika na chochote. Mkibomoa uzio mkajenga mtaa mzuri wenye geti, mmewabadilishia uzio tu. Walichofanya Denver ambacho mimi nakipenda ni kuziendeleza barabara za mitaa ya jirani ziingie moja kwa moja kwenye mtaa mpya, unatoka Park Hill unaingia huku bila kujua umevuka mpaka. Ila upande wa kaskazini barabara kuu ya I-70 inakata eneo vipande viwili na hadi leo watu wa kaskazini na wa kusini mwa barabara wanaishi kama mitaa tofauti, hiyo hawakuweza kuitibu.

Tempelhof pale Berlin nayo muisome. Ulifungwa Oktoba 2008, 2010 wakafungua geti watu wakaingia kupumzika, wakapanda mboga, wakaendesha baiskeli kwenye njia ya ndege, halafu serikali ya jiji ikaja na mpango wa kujenga nyumba pembezoni tu, katikati pabaki wazi. Mei 2014 wananchi wakapiga kura wakakataa, hakuna kujenga kabisa, na mji una shida kubwa ya nyumba. Wengine wanasema watu walikuwa wabinafsi. Mimi nilivyoisoma naona watu hawakuamini kwamba nyumba zile zitakuwa za kwao, na ukishafika hapo michoro haikusaidii.

Ndio maana suala la nyumba za bei nafuu mliandike mapema na kwa namba. Denver walipanga asilimia 10 ya nyumba za kuuza na asilimia 20 za kupangisha ziwe za watu wa kipato cha chini na cha kati, lakini nyumba za bei ya soko zilikimbia mbele na zile za bei nafuu zikabaki nyuma, manung'uniko yakaendelea miaka. Austin, Texas, kwenye uwanja wao wa Mueller uliofungwa 1999, waliweka asilimia 25 ya nyumba ziwe za bei nafuu na wakaweka pia utaratibu kwamba mwenye nyumba ya bei nafuu akiiuza hauzi kwa bei ya soko, nyumba inabaki nafuu kwa anayefuata. Hilo la pili ndilo la maana zaidi, maana bila hilo nyumba inakuwa nafuu mara moja tu, mtu wa kwanza anauza anaondoka na faida, kwisha habari. Kwetu tunalijua hili vizuri sana, viwanja vinagawiwa kwa bei ya serikali asubuhi, jioni viko kwa madalali.

Kuhusu matumizi mchanganyiko, yaani makazi na biashara kwenye mtaa mmoja, sina la kuwafundisha sana, nyie mmekulia humo. Mtaa wetu wa kawaida una fremu chini na familia nyuma, genge kwenye kona, fundi cherehani barazani, mama ntilie, msikiti, saluni, wote ndani ya dakika tano za miguu, huku Denver wamelipa washauri na makampuni miaka mingi ili wapate mtaa mmoja mdogo wa maduka chini nyumba juu pale 29th Avenue, ni mzuri kweli, lakini ni ule ule. Sasa ninachoomba, ukikabidhiwa kuandika masharti ya eneo usije ukaandika "makazi tu" kwa sababu ndivyo kitabu kilivyopanga rangi za matumizi ya ardhi kwenye ramani. Acha fremu ndogo ziruhusiwe, mita za mraba chache chache ambazo mtu wa kawaida anaweza kulipa kodi.

Usafiri nao hausubiri. Pale Denver wakazi wa kwanza waliingia 2002, treni ya kuunganisha katikati ya mji na uwanja mpya, ambayo ina kituo pale Central Park, ilianza Aprili 2016. Miaka 14! Kwa miaka hiyo yote familia zilinunua gari, ya pili, gereji zikajengwa, na mtu akishazoea gari kumrudisha kwenye treni ni kazi. Kama daladala au mwendokasi hautaingia siku ya kwanza basi angalau barabara ziwe zimeachiwa upana na vituo viwe vimepimwa na kulindwa, vinginevyo vitavamiwa.

Na muda wenyewe, jipangeni kisaikolojia. Stapleton ulifungwa 1995, mwendelezaji, yaani kampuni ya kujenga eneo, akachaguliwa 1998, ujenzi ukaanza 2001. Jiji halikuuza ekari zote siku moja, ardhi ilinunuliwa kipande kwa kipande kadri ujenzi unavyokwenda, na pesa za barabara na mabomba zilitokana kwa sehemu kubwa na kodi ambazo nyumba na maduka mapya yenyewe yangeleta baadaye, yaani wanakopa leo kwa ahadi ya kodi ya kesho. Inafanya kazi pale tu kodi ya majengo inakusanywa kweli, kwa hiyo msinakili kabla hamjakaa na watu wa mapato.

Mtaa ulibadilishwa jina 2020, maana Stapleton alikuwa meya aliyekuwa mwanachama wa Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi wa rangi, miaka ya 1920, na watu weusi wanaoishi jirani walikuwa wanalisema hilo siku nyingi kabla halijasikika. Mradi ulipoanza kuuzwa lile jina lilibakizwa kwenye matangazo kwa sababu lilikuwa limezoeleka. Mkiwa kwenye kikao cha jina la eneo msikione kidogo.

Wewe uliyeniandikia kutoka Dodoma nakujibu hapa hapa. Usianze na picha ya droni. Pale uwanjani sasa hivi kuna watu wanaozibua mitaro, wanaojua maji yanasimama wapi Januari na gari la zimamoto lilikuwa linamwagia wapi povu. Siku ndege zikihamia Msalato na wao watahamishwa au watastaafu. Tafuta barua ya utambulisho, nenda na daftari, mtembee wote eneo zima, andika kila wanachoonyesha kwa kidole, na piga picha kila chemba pamoja na namba zake za GPS.