Nataka kuwania uraisi wa wanafunzi, nianzie wapi?

SWALI: Sasa dada, niko Chuo Kikuu cha Maseno, Kenya, mwaka wa pili, nataka kusimama uraisi wa chama cha wanafunzi lakini sina doo, wenzangu wanakodi magari na kununulia watu chakula. Nina nafasi kweli?

JIBU: Poa mdogo wangu. Nafasi unayo. Kwanza jua hesabu zimebadilika tangu sheria ya vyuo vikuu irekebishwe 2016, raisi hapigiwi kura moja kwa moja na kila komredi, yaani kila mwanafunzi, kila idara au skuli inachagua wajumbe 3 halafu hao wajumbe ndio wanachagua viongozi, na cheo chenyewe sheria inakiita mwenyekiti. Kwa hivyo hata huyo wa kukodi magari atamwaga pesa kwa umati na umati hauna kura ya mwisho. Wewe tembea hosteli kwa hosteli, shuka hadi kwa wale wanaokodi nje huko sokoni, uliza nani marks zake zimepotea, nani mkopo wake wa masomo wa HELB haujaingia, andika, kisha ufuatilie hata kabla ya kampeni, hapo ndio watu wanakuamini.

Halafu tafuta naibu mapema, sheria inataka mwenyekiti na naibu wasiwe wa jinsia moja, na usimchukue tu kwa sababu ya kabila lake tafadhali, hiyo tabia imetuumiza sana. Chakula usinunulie mtu. Na ukiona wameanza kurusha mawe, ondoa watu wako haraka, hakuna kiti cha thamani ya jicho la mtu.