Basi la jiji au treni ya chini ya ardhi? Kwa madereva wa Nakuru wanaoniuliza

Tangu nirudi Nakuru, sipiti steji ya magari ya Njoro bila dereva kunishika mkono. "Mzee, wewe umeendesha basi kule New York, tena ukaendesha treni ya chini. Ipi inalipa?" Hilo ndilo swali la kwanza, na mara nyingi huwa hakuna la pili. Acha nilijibu upesi tuendelee: treni inalipa zaidi kidogo, lakini si pesa za kukuhamisha nyumba. Huko Brooklyn nilikofanya kazi, dereva wa basi na wa treni wako katika chama kimoja cha wafanyakazi, TWU Local 100, na wote wana bima ya matibabu na pensheni.

Kile ambacho ningetaka uniulize ni kingine. Wewe huchoshwa na nini? Maana basi litakuchosha kwa watu, na treni itakuchosha kwa kukaa peke yako. Nimeona madereva hodari wa basi wakienda kwenye treni wakanyong'onyea, na wengine waliokuwa wakigombana na abiria kila siku wakatulia kabisa mara walipofungiwa kwenye kile chumba kidogo cha mbele.

Mimi nilianzia hapa hapa, Nissan ya watu kumi na wanne, kwanza Njoro, baadaye Nakuru–Kisumu. Nilikuwa barabarani wakati sheria za waziri wa uchukuzi, John Michuki, zilipoanza mwaka 2004, tukafungiwa vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na abiria wakaanza kufunga mikanda. Ukiweza kushuka Salgaa na Sachangwan usiku katikati ya malori na ukafika na watu wako salama, macho unayo. Macho hayo utayahitaji. Tabia nyingine za barabarani utaziacha uwanja wa ndege, na ya kwanza ni haraka.

Hapa kwetu gari halitoki mpaka lijae, na likishatoka linakimbizana na hesabu ya mwenye gari. Kule hakuna hesabu. Basi likiwa tupu au limejaa hadi mlangoni, mshahara wako ni ule ule. Kuna ratiba, na katika ratiba kuwahi ni kosa kama kuchelewa, tena naweza kusema ni baya zaidi, kwa sababu ukipita kituo dakika tatu mapema umemwacha mtu aliyefika kwa saa yake. Dereva wa matatu huumia sana kwa jambo hili. Taa ni ya kijani, barabara iko wazi, na wewe unatakiwa uende polepole ili usiwahi! Nilikuwa nikishika usukani kwa nguvu kana kwamba umenikosea.

Kuna barabara inaitwa Utica Avenue, na basi la njia ya B46 hupita hapo. Kwenye barabara hiyo na ile ya Flatbush kuna vigari vidogo vinavyobeba abiria kwa bei ya chini, vingi vikiendeshwa na watu wa Jamaika na Haiti. Vilishamiri baada ya mgomo wa usafiri wa mwaka 1980. Vinakutangulia kituoni, vinapiga honi, vinachukua watu wako, vinaondoka kabla hujafungua mlango. Ni matatu kabisa, ila wimbo ni mwingine. Nikiwa nimekaa ndani ya basi la mita kumi na mbili, na sare yangu, nilikuwa nacheka peke yangu. Sikuwahi kuwakasirikia. Najua wanatafuta nini.

Sasa kazi yenyewe ya basi. Huna kondakta. Wewe ndiye dereva, wewe ndiye mpokea wageni, wewe ndiye wa kuulizwa hospitali iko wapi. Chukua mfano wa abiria mmoja mwenye kiti cha magurudumu. Unasimama sambamba kabisa na ukingo wa barabara, kwa sababu ukiacha pengo, bao la kupandishia kiti halitalala vizuri. Unabonyeza kitufe, hewa inatoka kwenye springi, basi linapiga magoti upande wa mlango. Bao linafunguka. Unaondoka kwenye kiti chako, unawaomba waliokaa viti vya mbele wapishe, unakunja viti, unamwelekeza, unainama, unafunga mikanda kwenye fremu ya kiti chake, unaivuta kuhakikisha imeshika. Nyuma yako watu arobaini wanatazama saa. Mmoja anauliza kwa sauti kama tutalala hapo. Unarudi kitini, unatazama vioo vyote upya, kwa sababu katika muda huo lori la kuleta mizigo limeegesha mbele yako katikati ya njia. Kisha unaenda vituo vitatu, na yeye anashuka.

Kama ulisoma hayo na ukahisi huruma kwa yule mwenye kiti, basi litakufaa. Kama uliwahurumia waliokuwa wakitazama saa, bado linaweza kukufaa. Lakini kama ulihisi damu inapanda, soma sehemu ya treni kwa makini zaidi.

Nauli isikusumbue. Wapo wanaopanda bila kulipa, na kwa mtu aliyezoea kuona makanga akimshusha asiyelipa inauma. Sisi tulifundishwa kutaja nauli na kuendelea na kazi. Madereva wanaopigwa, wengi huanzia kwenye ubishi wa nauli, na pesa hizo si zako. Ndiyo maana siku hizi kuna kizuizi kati ya kiti cha dereva na abiria.

Kitu ambacho hakuna mtu aliyeniambia ni haja ndogo. Samahani, lakini ni ushauri. Njia ni ndefu, foleni ni mbaya, na choo kiko mwisho wa njia, kama kipo. Madereva wengi huacha kunywa maji, na figo zinalipa. Jifunze mapema ni mgahawa gani unakuruhusu kuingia, msalimie mwenyewe kwa jina, na uendelee kunywa maji.

Nikaenda kwenye treni. Reli ile ilifunguliwa Oktoba 1904, leo ina vituo 472, na haifungwi usiku. Treni nzima ina urefu wa karibu mita 180. Haina usukani, jambo ambalo wazee wa kwetu hawakuniamini nilipowasimulia. Una kishikio kimoja cha mwendo na breki, unachotakiwa kukikandamiza treni ikienda, na mkono wako ukikiachia, treni inajifunga breki ya dharura yenyewe, ikidhani umezimia.

Kabla ya kuendesha unafundishwa kutembea. Unashushwa kwenye handaki kwa miguu, na koti linalong'aa na taa mkononi. Unaoneshwa reli ya tatu, yenye umeme wa zaidi ya volti 600, na ubao ulioifunika juu, na unaambiwa usiukanyage hata kama unaonekana imara. Unaoneshwa vishimo vya ukutani ambamo mtu hujibana treni ikija. Siku treni ilipotupita mimi nikiwa ndani ya kishimo kile, upepo wake ukinivuta koti, ndipo nilipoelewa kwa nini dereva lazima apige honi na kupunguza mwendo akiona taa za mafundi mbele. Nadhani hilo ndilo somo lenyewe, mengine ni vitabu.

Halafu zipo taa za ishara. Pembeni ya reli, palipo na taa, kuna mkono mfupi wa chuma. Taa ikiwa nyekundu, mkono umesimama. Ukipita, mkono unagonga swichi iliyo chini ya behewa na breki zinafunga, upende usipende. Mnamo Juni 1995 treni moja iliigonga nyingine kutoka nyuma kwenye daraja la Williamsburg, na baada ya hapo taa za kupima mwendo zikaongezwa sehemu nyingi. Hizo hukaa nyekundu mpaka uzikaribie kwa mwendo uliopangwa, ndipo zinakufungulia. Kijana wa Nakuru aliyezoea kupita penye mwanya itabidi ajifunze kuiendea taa nyekundu taratibu akiamini itageuka, na wakati huo huo awe tayari isigeuke.

Kusimama nako ni ufundi. Jukwaani kuna vibao vyenye namba. Treni ya mabehewa kumi inasimama kwenye kumi. Kondakta yuko katikati ya treni, na mbele ya dirisha lake lazima uwepo ubao wenye mistari myeusi na myeupe. Anaunyooshea kidole kabla ya kufungua milango, na sheria hiyo ipo tangu 1996. Ukisimama vibaya ubao hauko mbele yake, na mabehewa ya mwisho huenda bado yako handakini. Hafungui. Mnasubiri, watu elfu moja nyuma yako hawajui kwa nini, na wewe unajua.

Mpaka hapo treni inaonekana tamu, na ni tamu kweli. Hakuna lori limeegesha vibaya. Hakuna anayekuuliza njia. Hakuna mvua, wala theluji, isipokuwa sehemu reli inapopanda juu. Lakini unakaa gizani peke yako, saa baada ya saa, taa zikija na kupita, na akili inataka kulala. Rafiki zako wa kazini mnaonana dakika chache kituo cha mwisho, na mazungumzo hayo yanakuwa ya thamani kuliko ungedhani. Mimi ni mtu wa maneno mengi, ndiyo maana nilikuwa nikiongea na taa kwa Kiswahili. Zilinisikiliza vizuri kuliko abiria wa Utica.

Na kuna jambo ambalo sitalificha. Watu huanguka relini, na wengine huingia wenyewe. Dereva wa basi anaweza kukwepa. Treni haikwepi, na breki ya dharura haiisimamishi papo hapo. Ukidumu kazini, huenda likakukuta, na likikukuta utatolewa kwenye treni, utapewa muda wa kupumzika na mtu wa kuzungumza naye. Uchukue muda wote. Sisi wanaume wa huku tunapenda kusema tuko sawa. Wenzangu waliorudi upesi kuonesha ujasiri ndio waliokuja kushindwa kupita kituo kile miezi baadaye. Kama ndani yako unajua hutaweza kubeba hilo, baki kwenye basi, na hakuna aibu.

Tuje kwenye kinachopanga maisha yako hasa: ukongwe kazini. Mara chache kwa mwaka madereva huchagua zamu, na anayetangulia kuchagua ni aliyeajiriwa kitambo. Yeye anapata asubuhi na mapumziko ya Jumamosi na Jumapili. Wewe mgeni unapata usiku, mapumziko ya Jumanne na Jumatano, au unawekwa kwenye orodha ya akiba ukijaza nafasi za wasiokuja, leo alfajiri kesho jioni. Kwenye basi kuna pia zamu ya vipande viwili: unabeba watu wa asubuhi, unakaa saa kadhaa katikati, unarudi kubeba wa jioni. Ukikaa mbali na gereji huwezi kwenda nyumbani, kwa hiyo unalala kwenye kiti cha chumba cha mapumziko.

Sasa sikiliza. Ukihama kutoka basi kwenda treni, pensheni yako inaendelea, lakini kwenye foleni ya kuchagua zamu unaanzia mkiani. Kwa hiyo usingoje mpaka uzoee raha. Mtu aliyepata zamu nzuri ya basi kwa miaka mingi, mwenye watoto wanaohitaji kupelekwa shule, akihama atarudi kufanya kazi usiku kama aliyeingia jana. Kama utahama, hama mapema. Na mkeo au mumeo ajue kabla hujajaza fomu, asije akajua kwa kuona kitanda kitupu.

Kwa aliye Nakuru na anajiandaa, leseni yako ya NTSA ya kubeba abiria haibadilishwi New York, unaanza upya. Kwa basi unahitaji leseni ya kibiashara ya daraja la B yenye kibali cha abiria. Kwa treni leseni hiyo haitakiwi, lakini macho lazima yatenganishe rangi, kwa hiyo kapimwe hapa hapa kabla ya kuota ndoto. Kwenye kazi zote mbili utapimwa dawa za kulevya bila kuarifiwa. Jimbo la New York liliruhusu bangi mwaka 2021, na vijana wengi hudhani wako salama. Sheria za shirikisho haziiruhusu kwa dereva, na ukipatikana nayo unapoteza kazi. Miraa nayo huko ni haramu kabisa. Wewe unayetafuna ukielekea Kisumu ili usisinzie, anza kuacha leo.

Kazi zote mbili zinapitia mtihani wa serikali, na mtihani haufunguliwi kila mwaka. Ukishapasi unaingia kwenye orodha na kungoja, na kungoja huko kunaweza kuwa miaka. Ukikuta yote miwili imefunguliwa, fanya yote miwili. Basi likikuita kwanza, ingia, hata kama moyo wako uko kwenye treni. Mtihani wa treni huwa unafunguliwa pia kwa wafanyakazi wa ndani, na utaufanya huku mshahara ukiingia, ukiwa tayari umejua kama abiria wanakuchosha au unawahitaji.