Theluji yako imekuwa kama ukuta wa chokaa sababu nyeupe imezidi

Mkuu umeuliza kwa nini ile picha ya kijiji cha Ulaya kipindi cha baridi uliyopewa oda na mwenye saluni imetoka kama ukuta wa chokaa, haina ule utulivu ulioona kwenye kalenda. Mi nachora mabango na kuta hapa Mwanza, theluji sijawahi kuiona live ila nishaichora sana tu maana wenye baa wanaipenda balaa. Nyeupe umeimwaga kila mahali, tatizo ndo hilo.

Gugo picha ya mchoraji Mfaransa Claude Monet inaitwa La Pie, aliichora baridi ya 1868 kuingia 1869 huko Étretat, Ufaransa, ikuze kwenye simu uangalie chini ya ule uzio. Kivuli ni bluu inayoelekea zambarau, na jua linapopiga kuna unjano flani hivi, nyeupe tupu unaitafuta kwa tochi. Maonyesho ya Salon ya Paris waliikataa 1869, leo iko makumbusho ya Orsay.

Kama unabisha, mwaga unga wa sembe kwenye sinia, toka nao nje saa moja na nusu asubuhi anga likiwa safi halina wingu, chomeka kijiti uangalie kivuli chake. Pale jua lisipofika panamulikwa na anga tu, na anga ni bluu. Mi nilikuwa nafanya hivyo uwani Kirumba, shemeji akajua nimeanza uganga.

Kuhusu utulivu, Monet hakuweka mtu, kaweka ndege mmoja wa ukoo wa kunguru kwenye kigeti cha fito basi. Ila si lazima uwafute watu, mchoraji Pieter Bruegel kwenye picha yake ya wawindaji kwenye theluji ya 1565 kajaza watu wanateleza kwenye barafu na bado picha imepoa, sababu wawindaji wake wametupa mgongo, vichwa chini, wamepata mbweha mmoja tu. Mteja wangu mimi alitaka niongeze bodaboda, nikagoma.

Kivuli: nyeupe, bluu kidogo, nyekundu tone. Miti usitumie nyeusi, changanya kahawia na bluu. Nyeupe safi iweke mwisho kabisa, ukingo wa paa na juu ya fito. Halafu ukuta wa ndani tumia rangi ya maji, ile nyeupe ya mafuta ikikosa jua inageuka njano, mteja atakupigia kwamba theluji imeoza.